Jibu la Mibofyo Miwili

Maiti ya Lokorio, mlinzi wa uwanja wa ndege wa Kakuma, ililala kifudifudi kando ya shimo alilokuwa akiliziba, toroli la kokoto limepinduka karibu naye. Ndege ndogo iliyomgonga ilikuwa imesimama mita mia mbili mbele, pua imegeukia vichakani, gurudumu moja limepinda. Inspekta Chelangat wa upelelezi alifika Kakuma kutoka Lodwar saa tisa alasiri. Alifunua turubai, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akamfunika tena taratibu.

Kilichomsumbua ni mahali palipokuwa na jeraha. Lokorio aligongwa kisogoni. Ndege si baiskeli. Mngurumo wake husikika ingali mbali. Mlinzi aliyefanya kazi kwenye uwanja huo miaka tisa angewezaje kuchuchumaa hapo akiipa mgongo?

Daktari alisema hakunusa pombe. Masikio ya marehemu, kwa kadiri watu walivyomjua, yalikuwa mazima.

Ilikuwa Jumamosi, Aprili 2013. Mvua ya usiku wa kuamkia siku hiyo ilikuwa imechimba shimo katikati ya uwanja, ng'ambo ya kimwinuko, mahali ambapo rubani anayetua hawezi kumwona mtu aliyeinama mpaka amemfikia. Lokorio alianza kuliziba asubuhi.

Shahidi alikuwa mmoja tu: Nyadak, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mwenye kibanda cha chai nje ya ua wa uwanja. Alikuwa amekaa juu ya ndoo, mikono imefungwa kifuani.

"Yeye nasikia ndege, mama," alimwambia Chelangat. "Mimi naona. Ndege nakuja, yeye nainua mkono hivi." Aliinua kiganja, kama mtu anayemwambia mwenzake angoje kidogo. "Halafu narudi kwa kazi yake. Hakuna kukimbia."

"Hakugeuka hata kutazama?"

"Hakuna."

Nyadak aliongeza kwamba simu ya Lokorio haikuwa na salio, kwa hiyo aliazima yake. Chelangat aliomba kuiona. Namba ilikuwa moja, ya chumba cha redio cha kuongozea ndege kule Lodwar, na ilipigwa mara mbili: saa nne na dakika thelathini na nane, kisha saa nne na dakika arobaini na tatu. Dakika nne baada ya simu ya pili, Lokorio alikuwa amekufa.

Chelangat aliziandika saa hizo, akaenda kumwona mjane.

Apajok alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba yake, macho makavu. Koplo Nakuleu, aliyefuatana na Chelangat kama mkalimani, alimsalimu, "Ejok," naye akaitikia kwa sauti ya chini. Kisha alizungumza Kiturkana kwa muda, naye Nakuleu akasikiliza mpaka mwisho kabla ya kutafsiri.

"Anasema waligombana asubuhi. Anasema alimwambia mumewe maneno mabaya sana, naye mume akatoka bila kumjibu." Nakuleu alikohoa. "Watu wamemwambia marehemu alisikia ndege akakaa. Anakuuliza wewe, afande, kama alijiua kwa sababu yake."

Chelangat alikuwa na miaka kumi na minne kazini na alizoea kuulizwa mambo na wafiwa. Hili lilimpata vibaya. Alitaka kusema hapana, lakini hakuwa na haki ya kusema asichokijua. Akamwahidi Apajok kwamba atamletea jibu, liwe zuri au baya.

Rubani alikuwa Kapteni Cornelius Mutua, mtu wa miaka arobaini na kitu, shati jeupe limelowa jasho. Alikuwa amezuiliwa, na Jumatatu angefikishwa mahakamani Lodwar kwa kuua bila kukusudia. Kampuni yake ilikwisha kutuma wakili, na wakili alikwisha kuanza kusema mlinzi aliyataka mwenyewe.

"Sikuambiwa kuna mtu uwanjani," Cornelius alisema.

"Lodwar wanasema walikuambia."

"Sikuambiwa, afande."

Hapa inafaa kueleza jinsi mambo yanavyokwenda. Uwanja wa Kakuma haukuwa na mtu wa redio. Kukiwa na tatizo, mlinzi hupiga simu Lodwar. Lodwar humwita rubani angani na kumpa ujumbe. Rubani huurudia ujumbe huo kwa maneno yake, ili ijulikane amesikia na amesikia sawasawa. Hilo la mwisho ndilo marubani wengi hawalipendi. Wana haraka, wamechoka, au wanajiona wakubwa. Badala ya kusema neno, hubonyeza kitufe cha maikrofoni mara mbili. Redioni husikika tk, tk. Maana yake ati ni sawa, nimekupata. Haina jina la mtu wala la ndege, na kwa maoni ya anayesimulia kisa hiki ni utovu wa adabu mtupu.

Cornelius alikuwa bingwa wa tabia hiyo. Wenzake walimtania kwamba siku ya ndoa yake alimjibu padri kwa mibofyo miwili.

Asubuhi ya Jumapili Chelangat alikuwa Lodwar, katika chumba cha redio. Mwongozaji wa ndege aliyekuwa zamu siku ile aliitwa Awino, mwanamke mwembamba mwenye sauti safi ya kusomea habari. Meza yake ilikuwa nadhifu mno. Kwenye dirisha kulikuwa na redio ndogo ya betri ikizungumza kwa sauti ya chini.

Awino alieleza bila kusitasita. Mlinzi alipiga simu, yeye akampa rubani ujumbe, rubani akajibu.

"Alijibuje?"

"Kama kawaida yake, madam. Alibofya mara mbili."

"Mlinzi alipiga simu mara ngapi?"

"Mara moja."

Chelangat aliandika jibu hilo. Aliomba kusikiliza kinasa sauti. Kilikuwa chombo cha zamani, cha aina inayojiwasha ikisikia sauti redioni na kujizima pakiwa kimya. Hakikuandika saa. Awino alibonyeza, na sauti yake mwenyewe ikatoka, ikiita ndege kwa jina lake, ikisema kuna mtu anafanya kazi katikati ya uwanja wa Kakuma, zunguka angani usubiri mpaka utakapoambiwa. Halafu, tk, tk.

"Unaona," Awino alisema. Akafungua faili na kutoa nakala za barua saba alizowaandikia wakubwa kwa muda wa miaka mitatu, zote kulalamikia marubani wasiorudia ujumbe. Jina la Cornelius lilikuwa katika kila barua. Hakuna hata moja iliyojibiwa.

Barua zilimgusa Chelangat. Ziliandikwa vizuri, na kila kilichosemwa ndani yake kilikuwa kweli. Hata hivyo simu mbili si simu moja, na Awino alikuwa amedanganya kuhusu simu. Alichukua kinasa sauti kama kielelezo, akamtilia sahihi.

Alimrudia Cornelius mchana, katika chumba cha mahojiano cha kituo cha polisi Lodwar, alikokuwa amehamishiwa.

"Kapteni, nimesikia mibofyo."

"Si yangu."

"Ni nani katika nchi hii atakayeamini hivyo?"

Cornelius aliinamisha kichwa. Chelangat akamuuliza saa nne na dakika arobaini alikuwa katika masafa gani ya redio.

"Nikisema, nitapoteza leseni," rubani alisema.

"Usiposema, utapoteza miaka."

Ndipo akasema. Alikuwa amehamia masafa mengine, ambako marubani hupiga soga. Mwenzake alikuwa anaruka kutoka Lokichoggio, na walikuwa wanabishana juu ya mpira. Sauti ya Lodwar alikuwa ameipunguza mpaka mwisho.

"Kwa nini?"

"Yule mama anatusomea sheria kila siku, afande. Kama mwalimu wa zamu. Nilichoka kumsikia."

Chelangat alimtazama kwa hasira ambayo hakujisumbua kuificha. Kisha akampigia simu rubani wa pili. Huyo alikana, akakubali, akalia. Ndiyo, walizungumza bila kukatiza tangu saa nne na nusu mpaka Cornelius aliposema anatua. Na kitufe cha ndege ile kilipeleka sauti katika masafa mamoja tu, yale aliyokuwa akizungumzia. Mibofyo ile haikutoka kwa Cornelius.

Basi ilitoka wapi?

Chelangat alijifungia ofisini na kinasa sauti, akavaa visikizi, akapandisha sauti hadi mwisho. Alisikiliza mibofyo ile miwili mara ishirini. Ilikuwa safi mno. Hapakuwa na mngurumo wa injini nyuma yake wala mkwaruzo wa sauti itokayo mbali. Mara ya ishirini na moja alisikia kitu kingine. Kitufe kikibonyezwa maikrofoni hufunguka, na hata ikifunguka kwa kufumba na kufumbua hunasa kilichopo chumbani. Ndani ya mbofyo wa kwanza kulikuwa na kipande cha mlio mwembamba. Ndani ya wa pili kulikuwa na mlio kama huo, ila mrefu zaidi.

Aliujua mlio huo. Kila siku alirekebisha saa yake ya mkononi kwa milio hiyo inayotangulia taarifa ya habari redioni, na ule wa mwisho huwa mrefu. Taarifa ya kwanza baada ya ujumbe wa Awino ilikuwa ya saa tano kamili. Lokorio alikufa saa nne na dakika arobaini na saba. Aliyebofya alibofya akiwa chumbani, karibu na redio ndogo, na alibofya kwa niaba ya ndege iliyokwisha kutua na kuua.

Kinasa sauti hakikuwa na hatia. Kilijizima baada ya ujumbe, kikasubiri, kikajiwasha tena kilipousikia mbofyo, na kuuweka pale pale kana kwamba ulifuata mara moja.

Alirudi chumba cha redio jioni hiyo, pamoja na Koplo Nakuleu. Alimwekea Awino mibofyo kwa sauti kubwa. Kisha akaweka mezani karatasi yenye saa za simu mbili.

Awino alisikiliza mpaka mwisho. Alinyoosha mkono, akaizima redio ya dirishani.

"Nilimwita mara moja tu," alisema. "Kanuni inanitaka nirudie mpaka ajibu. Miaka mitatu nimerudia, madam. Narudia mpaka koo linakauka, na yeye akitaka ananibofyea, asipotaka ananyamaza. Siku ile nilijiambia, leo simbembelezi. Atanijibu kwa maneno, au abaki na kimya chake."

"Hukujua kama amekusikia."

"Sikujua."

"Na Lokorio alipopiga mara ya pili?"

Awino alifunga macho. "Aliuliza kama rubani amesikia."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia amesikia. Nilimwambia aendelee na kazi, ndege itakuwa inazunguka juu mpaka amalize." Sauti yake safi ilikwaruza sasa. "Siku zote huwa amesikia. Hajibu, lakini huwa amesikia."

Nakuleu aliacha kuandika. Chelangat aliona akilini mkono wa Lokorio ulioinuliwa, kiganja wazi, ukiiambia ndege ingoje kidogo.

"Waliponipigia kwamba amekufa, niliogopa," Awino aliendelea. "Niliona wakubwa watanifunga mimi, na yeye aliyetuzoesha ukimya atakwenda nyumbani kwake. Nikabonyeza mara mbili. Nilijua hakuna atakayeuliza, kwa sababu hivyo ndivyo anavyojibu kila siku."

"Ulitaka afungwe."

"Nilitaka mtu mmoja tu azisome zile barua."

Alikamatwa bila pingu. Cornelius hakuachiliwa, faili ilikwenda kwa mwendesha mashtaka Jumatatu ikiwa na majina mawili. Rubani aliomba asikilize ule ujumbe. Alisikia akiitwa, akiambiwa wazi kabisa kwamba kuna mtu uwanjani, kisha akaomba usirudiwe.

Kabla ya Awino kupelekwa rumande, Chelangat alimuuliza jambo moja ambalo halikuhitajika katika faili. Alitaka kujua kila neno alilolisema Lokorio katika simu ile ya mwisho. Awino aliyakumbuka yote. Chelangat alisafiri nayo mpaka Kakuma siku ya Jumanne.

Apajok alikuwa pale pale mlangoni. Chelangat alichuchumaa mbele yake ili wasizungumze mmoja akiwa juu, na Nakuleu akatafsiri neno kwa neno. Mumeo hakujiua. Aliambiwa ndege imesikia na inasubiri. Alipoisikia injini alidhani inazunguka, akaipungia mkono ingoje, akarudi kwenye kazi. Aliamini alichoambiwa.

Apajok aliuliza kama kuna kitu kingine alichosema.

"Alisema amebakiza matoroli mawili," Chelangat alijibu. "Alisema anaharakisha, kwa sababu ametoka nyumbani bila kunywa chai, na anataka kurudi akainywe na mkewe."

Nakuleu alitafsiri polepole. Apajok alimtaka arudie, akarudia. Ndipo yule mama aliyekaa siku tatu macho makavu alipoanza kulia, na Chelangat akabaki amechuchumaa mbele yake, amemshika mikono yote miwili.