Usimwite, Yuwaitika

Sitaki mtu aseme haya nimeyasikia barazani. Yalimpata Safa, binti wa ami yangu Idarus, nyumbani kwao Timbwani, mchana kweupe, na mimi nilikuwapo. Tena mimi ndiye niliyeyaleta.

Yalianza Jumanne ya kawaida kabisa. Nilitoka chuoni mapema, nikavuka feri, nikafika kwa ami kabla ya alasiri na mfuko wangu wa mihogo ya kukaanga. Kundi letu hukutana pale. Tuko wanawake saba, twaimba nyimbo za kale za harusi, zile za vugo: twagonga pembe za nyati kwa vijiti na kuimba maneno ambayo wengi wameshayasahau. Kiongozi wetu, wa nane, ni nyanya yetu, Bi Mwanaima. Nyimbo zote zimo katika daftari lake la herufi za Kiarabu, lililoandikwa enzi za nyanya yake yeye.

Wiki hiyo tulikuwa na harusi ya kuimbia. Safa alikuwa anaolewa Ijumaa, na Safa hakutaka.

Naomba hilo lieleweke. Mahfudh hakuwa mtu mbaya. Ana duka la misumari na rangi huko Bofu, anaswali, hana makuu. Ni rika la babake tu, na Safa hamtaki. Kwangu mimi sababu hiyo yatosha, lakini ami alikuwa ameshatoa neno lake. Basi mimi na Safa tukapanga letu. Kwetu bibi harusi haonekani siku ya nikaha. Shehe na mashahidi wawili huja mpaka mlangoni pa chumba chake, wakamuuliza nyuma ya pazia kama ameridhia. Hapo ndipo Safa angesema hapana.

"Na useme kwa sauti," nilimwambia. "Ukinyamaza, kimya chako watakiita ndiyo. Watasema waona haya."

"Nitasema. Nimeshajizoeza chooni," alijibu. "Mende wote wanajua simtaki Mahfudh."

Sasa, kuna wimbo mmoja wa kuita. Kiongozi huita majina ya wanawake wa nyumba ya bibi harusi, wazima na waliokufa, na kila jina sote twaliitikia: abee. Baada ya jina la saba, pembe hugongwa mara tatu bila mtu kuimba. Niliwahi kumuuliza Nyanya kwa nini.

"Hapo twampisha."

"Twampisha nani?"

"Wewe imba, mwanangu. Usimwite. Yuwaitika." Akafunua ukurasa mwingine.

Mimi nikiambiwa hivyo silali. Nimeshinda midahalo chuoni kwa hoja moja tu: palipo na mwanamke aliyenyamazishwa, pana mtu anayefaidika. Jumanne hiyo Nyanya alikuwa kliniki ya presha. Nikalichukua daftari alilotuachia, nikalipeleka dirishani. Baada ya jina la saba palikuwa pamekwanguliwa kwa wembe. Nikauinua ukurasa juani. Herufi zikajitokeza moja moja, nikazisoma polepole.

Nyamvula.

Velma, anayetoka Utange kila wiki kuja kuimba nasi, aliacha kutafuna muhogo.

"Hilo ni jina la kwetu sisi Wagiriama," alisema. "Bibi yangu aitwa hivyo. Mbona limekwanguliwa?"

"Alikuwa mtumwa wa humu, unadhani nini? Walimtumia, kisha wakaona haya kumwandika," nilimjibu.

"Basi leo ataitwa."

Wote wakakubali. Safa naye alikubali. Tukaanza wimbo. Nikaita la kwanza mpaka la saba, abee zikajibu vizuri, pembe zikagongwa mara tatu. Nikaita, "Nyamvula."

Nilitaka sote tuitikie. Hatukuwahi.

"Abee."

Ilikuwa sauti ya chini, yenye kuhema kidogo, kama ya mtu aliyeacha kazi jikoni akaja mbio. Ilitoka chumbani kwa Safa.

Velma alituhesabu kwa kidole. Saba. Akatuhesabu tena. Sote tulikuwa sebuleni, na pazia la mlango wa chumba lilikuwa likicheza.

Nililala pale. Kesho yake asubuhi mama yake Safa alimwita kutoka uani. Safa alikuwa ukumbini nami, mdomo umejaa mkate.

"Abee," ikajibiwa chumbani.

"Niletee kamba ya kuanikia."

Safa alinitazama. Hakutafuna. "Si mimi niliyeitika," alinong'ona.

Ikawa hivyo kutwa. Akiitwa na mamake, huitikiwa. Akiitwa na babake, huitikiwa. Kila mara kabla yeye hajafungua kinywa. Na wao huridhika, maana wamesikia sauti ya kike kutoka ndani, na hakuna aliyegeuka kutazama ni ya nani.

Alhamisi nilimwendea Nyanya nikamwambia yote. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitia baridi.

"Zamani katika nyumba yetu kulikuwa na bibi harusi aliyekataa," alisema. "Wakamziba mdomo kwa leso. Wakamweka Nyamvula nyuma ya pazia, wakamwita kwa jina la bibi harusi, akaitika yeye. Mashahidi wakasikia, basi. Kisha ikawa mazoea. Wasichana watatu aliwaitikia."

"Kwa kulazimishwa."

"Wawili kwa kulazimishwa. Alipomwitikia wa tatu, alikuwa ameshazikwa mwezi mzima."

Niligeuka nikautazama mlango nyuma yangu.

"Wakalikwangua jina, ndipo akatulia," alisema Nyanya.

"Mbona hukutuambia?"

"Ni aibu ya watu wangu, mwanangu."

"Aibu yenu, na anayeilipa ni Safa."

Aliniambia tu, "Yuwaingia kwenye kimya. Neno la Safa na litangulie."

Ijumaa baada ya alasiri. Safa kitandani, hina miguuni, asumini kichwani. Mimi kando yake nimemshika mkono. Pazia limeshushwa. Chumbani tulikuwa wawili tu. Nilichungulia hata kabatini.

Nyayo za wanaume zikasimama mlangoni. Shehe akakohoa.

"Safa binti Idarus. Umeridhia babako akuoze kwa Mahfudh bin Anwar?"

Safa alifungua kinywa. "Si—"

"Nimeridhia."

Ilitoka baina yetu. Mahali ambapo mabega yetu yaligusana.

Nje ami alishusha pumzi. "Alhamdulillahi."

"Nitauliza mara tatu," alisema shehe. "Safa binti Idarus. Umeridhia?"

"Sita—"

"Nimeridhia."

Kwa haraka zaidi. Nilihisi pumzi yake shingoni. Ilinukia majivu. Safa alikuwa akilia bila sauti, na mimi, mwenye hoja nyingi, sikuwa na hata moja.

Kisha nikaona. Huyu aliwaitikia wasioonekana. Kazi yake yote ilikuwa nyuma ya pazia.

Nikalishika pazia kwa mikono miwili nikalivuta. Fimbo iling'oka na plasta yake. Wanaume wakarudi nyuma, ami akaanza kunifokea, "Nadira, una wazimu wewe?"

"Muulizeni sasa," nikasema. "Huku mwamtazama."

Safa alisimama mlangoni, uso wazi, midomo ameibana. Shehe aliinamisha macho, akayainua. Akauliza mara ya tatu kwa sauti ndogo.

"Nimeridhia," ikajibiwa.

Midomo ya Safa haikutikisika. Sauti ilitoka nyuma yake, kitandani, ambapo godoro lilikuwa limebonyea.

Shahidi mmoja alianza Ayatul Kursi akaikosea.

"Sitaki," alisema Safa. "Mimi ndiye Safa. Sitaki."

Shehe alikifunga kitabu cha ndoa. "Hapana nikaha hapa," alimwambia ami, akatoka akiacha viatu vyake. Mahfudh, aliyekuwa akingoja sebuleni, aliondoka bila kumlaumu mtu. Safa alilala kwa Nyanya usiku huo, na alipoitwa kuamka asubuhi, aliitika mwenyewe.

Nilidhani tumeshinda.

Jumatatu shehe alirudi Timbwani na ukurasa mmoja ameuchana kitabuni. Hakutaka kukaa nao. Akaapa wallahi kwamba Ijumaa hakuandika hata herufi. Ami alimpigia Mahfudh simu amuulize kama anajua lolote, akaiweka sauti ya nje sote tusikie.

"Mimi ningewauliza nyinyi," alisema Mahfudh. Alikuwa akinong'ona. "Naishi peke yangu. Tangu Ijumaa nikipiga hodi kwangu, naitikiwa."

Ukurasa ulikuwa mezani, umejazwa wote: Safa binti Idarus, Mahfudh bin Anwar. Mahali pa sahihi ya mke palikuwa na alama ya kidole gumba, nyeusi ya piko, rangi ya kupambia maharusi. Safa aliweka vidole vyake kumi kando yake, kimoja kimoja. Vyote vina mistari. Kile hakina hata mmoja. Kimelika, laini, kama cha mtu aliyesaga nafaka za watu maisha yake yote.