Korongo Lisilopigiwa Kelele

Theluji iliguna chini ya miguu yao, mguno mmoja mzito, kama mtu mnene aliyejibwaga kitandani chumba cha pili. Bimurza aliyekuwa mbele akasimama na kuinua mkono. Nyuma yake Nazibrola naye akasimama.

"Mmesikia?" Bimurza alisema. "Hiyo theluji imekatika chini kwa chini. Turudi."

"Turudi wapi?" Jokia, mume wa Nazibrola, akacheka. "Wewe binamu umewatembeza wageni wa kuteleza kwenye theluji mpaka wamekuambukiza woga."

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Acha nicheke mimi."

"Kilioni ndiko tunakokwenda, bwana."

Na kweli. Kijiji cha ng'ambo ulikuwa umelazwa mwili wa mjomba aliyemlea Nazibrola tangu utotoni, na maziko yalikuwa leo. Barabara ya gari ilikuwa imezibwa. Kwao Usvani, huko milimani, asiyefika msibani hana uso wa kuinua mbele za watu. Lakini upepo ulikuwa umevuma usiku kucha, ukiikwangua theluji ya upande wa pili wa mlima na kuirundika upande huu, na hakuna mtu wa kule asiyejua maana yake: theluji ya hivyo huporomoka. Nazibrola aliijua vizuri sana. Wanaume wote wawili wakamgeukia.

"Twendeni," akasema.

Lilibaki korongo moja la kuvuka, mteremko mkali juu yake na mto chini. Bimurza alikagua vile vifaa vya kurushia ishara, vya kumtafutia aliyefukiwa, alivyowavalisha kifuani, akawaambia wafungue mikanda ya mabegi.

"Mmoja mmoja. Anayevuka avuke, wengine macho kwake. Mkiona kitu kinasogea huko juu, pigeni kelele."

"Kelele? Hapa?" Jokia hakucheka tena. Pale hata ng'ombe walizibwa kengele kwa matambara kabla ya kupitishwa.

"Sauti haiangushi theluji, wewe. Uzito wako ndio unaoiangusha. Shemeji, umenisikia?"

Nazibrola alitikisa kichwa kukubali.

Bimurza akavuka, akajibanza nyuma ya mwamba. Jokia akafuata, hatua baada ya hatua, akizama hadi magotini. Alipofika katikati, Nazibrola aliona mstari ukijichora juu yake, mwembamba kama ufa wa chungu. Aliuona ukirefuka. Akafungua mdomo, sauti ikagoma. Tangu hajajua kutembea, kila walipopita hapa bibi yake alimziba kinywa kwa kiganja, na ni kama kiganja kile kilikuwa bado kipo.

"Jokia!" ilipomtoka, mlima ulikuwa umeshakwenda.

Mteremko wote ulivunjika mapande, mapande yakawa moshi, na kofia nyeusi ya mumewe ikaibuka mara moja, ikazama. Kisha pakawa kimya.

"Alizamia wapi?" Bimurza alifoka kutoka ng'ambo. "Onyesha kwa kidole! Usiondoe macho!"

Yeye mwenyewe alikuwa akitazama juu kama kuna theluji iliyobaki. Ilikuwepo. Akashuka hivyo hivyo.

"Geuza kifaa chako kitafute, shemeji! Ukiacha kikirusha nitakufuata wewe!"

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi; Nazibrola akakigeuza kwa meno, akashuka naye. Theluji iliyosimama ilikuwa imeshakuwa ngumu kama saruji. Kifaa kililia polepole, kikalia upesi, na karibu na mti uliovunjika kikalia mfululizo. Bimurza akachoma fimbo ndefu ya chuma, akachoma tena. Mara ya tatu ikagota kwenye kitu laini.

"Usimsimamie juu, utamziba hewa! Chimba kutokea chini!"

Nazibrola alichimba kwa sepetu, kisha kwa mikono, akilia na kuapa kwamba yeye ndiye aliyesema twende, yeye na si mwingine. Uso ulipotokea ulikuwa wa bluu, kinywa kimejaa theluji. Bimurza akaitoa kwa kidole, akampulizia pumzi, akampulizia tena. Jokia akakohoa.

Macho yake yalimtafuta mkewe.

"Mbona hukuniita?"

"Maswali baadaye," Bimurza alisema, akimfunga mkono kifuani, maana mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. "Huko juu bado kuna nyingine. Nyanyuka, binamu, hata kwa kutambaa."

Walifika jioni, na maziko yalikuwa yamewasubiri. Jokia aliketishwa jikoni kando ya jiko la kuni, akapewa supu. Wanawake wakampisha Nazibrola hadi kwenye jeneza, wakamngoja aanze. Mtoto wa dada ndiye anayeanza kumlilia marehemu, na kumtaja kwa majina yake yote.

Akashika ubao wa jeneza. Akafungua mdomo.

"Jokia! Jokia weee! Toka hapo! Toka!"

Wanawake wakatazamana. Mmoja akamshika bega. "Dada, mumeo mzima. Yuko jikoni, anakunywa supu."

Hakunyamaza. Aliita kwa sauti yote aliyokuwa nayo, mpaka koo likakauka, na bado akaita.

Jikoni, Jokia aliweka bakuli chini. Akajikokota hadi mlangoni, akaegemea mwimo.

"Nimesikia, Nazibrola," akasema. "Nimesikia."