Mgawo wa Vifaranga

Serafina alirudi kutoka shambani jua likiwa kali. Kichwani alibeba kuni, mkononi alishika jembe. Mgongo ulikuwa ukimuuma tangu asubuhi.

Ulikuwa mwezi wa pili, mwaka 2004, wakati wa palizi. Pale kijijini, upande wa Chiola, kila nyumba ilikuwa shambani. Nyumba nyingine zilipeleka watu watatu, nyingine wanne. Nyumba ya Serafina ilipeleka mtu mmoja tu. Mume wake, Eusebio, alikuwa na ugonjwa wa matende. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba, na siku nyingine hakuweza kutembea hata kufika kisimani. Alishinda barazani akisuka matenga ya mianzi.

"Umechoka, mama," alisema Eusebio.

"Nimechoka," alijibu Serafina. Akatua kuni, akakaa chini, akanyoosha miguu.

Mbele yake kuku mmoja alikuwa akiparua mchanga. Vifaranga tisa wa wiki mbili walimfuata. Mtu mwingine angewatazama kwa furaha. Serafina aliwatazama kama mtu anayetazama kazi nyingine inayomngojea.

Kuku yule hakuwa wake. Zamani Serafina alikuwa na kuku kumi na saba. Kisha kiangazi kimoja ugonjwa wa mdondo ukapita kijijini. Kuku walisinzia, wakaharisha kijani, wakapinda shingo. Katika siku nne banda lote likawa tupu. Jirani yake, Mwanawetu, alimwonea huruma. Alimletea tetea mmoja na kumwambia, "Mlee huyu. Akitotoa, tutagawana vifaranga nusu kwa nusu." Ndiyo desturi ya huko. Asiye na kuku hupewa kuku wa kulea, naye huanza tena.

Serafina alishukuru sana. Wazazi wake walikuwa Wamakua waliovuka Mto Ruvuma, na Mwanawetu ni Mmwera wa hapohapo. Mmoja alikwenda kanisani, mwingine alikuwa Mwislamu. Lakini kwa miaka kumi waliazimana chumvi, moto na hata khanga.

Mara ya kwanza kuku yule alitotoa vizuri, wakabaki vifaranga wanane. Walipofika wiki tatu, Mwanawetu alikuja kugawana. Alikuja na mama mkwe wake, Bibi Mwantumu, aliyesifiwa kwa kujua kuku.

Bibi Mwantumu alimshika kila kifaranga miguu na kumning'iniza kichwa chini. "Anayeinua kichwa ni jogoo," alisema. "Anayelegea ni tetea." Kwa kipimo hicho alipata matetea wanne na majogoo wanne. Kila mama akachukua matetea wawili na majogoo wawili. Wote waliridhika.

Miezi minne baadaye, asubuhi moja, kuku mmoja wa Serafina alianza kuwika. Kesho yake akawika wa pili. Kabla mwezi haujaisha, wote wanne waliwika. Hakukuwa na tetea hata mmoja. Kwa Mwanawetu, kati ya wanne, watatu walikuwa matetea.

Serafina hakugombana. Hakuwa na nguvu za kugombana. Aliacha tu kupita uani kwa Mwanawetu. Wakikutana kisimani, alimsalimia kwa sauti ndogo, akajaza ndoo yake, akaondoka. Moyoni alikuwa na neno moja, kwamba yule bibi alijua alichokuwa akifanya. Mapora wake, yaani majogoo wale wachanga, walipigana mchana kutwa mpaka wakatoka damu. Mmoja mmoja waliishia chunguni. Banda likarudi kuwa la kuku mmoja, na kuku huyo alikuwa wa mtu mwingine.

Sasa kuku huyo alikuwa ametotoa tena.

"Hodi hapa," sauti iliita.

Serafina alijua sauti ile. Alikuwa Mwanawetu, amesimama mwanzoni mwa uwanja. Hakuingia ndani kama zamani.

"Karibu," alisema Serafina bila kuinuka.

"Mama Emmanuel, nimesikia kuku ametotoa. Nimekuja tuzungumze habari ya kugawana."

"Chukua wote," alisema Serafina.

"Wote? Kwa nini?"

"Nimechoka, Mama Ashura. Mwaka jana nililea, nikafukuza mwewe, nikawapa pumba ambayo watoto wangeweza kula. Nikapata majogoo wanne. Nyinyi mlipata matetea. Chukua kuku wako na watoto wake."

Mwanawetu aliuliza, "Kwa hiyo miezi yote hii unafikiri nilikuibia?"

Eusebio aliinamisha kichwa na kuendelea kusuka.

Wakati huohuo baiskeli iliingia uwanjani. Aliyekuja ni Shakila, mchanjaji wa kuku wa kijiji. Shakila alikuwa mama wa makamo. Mwaka uliopita alifundishwa na bwana mifugo kule Nachingwea mjini, na tangu hapo alipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne kuchanja kuku dhidi ya mdondo. Siku ile alikuwa amezunguka tangu alfajiri. Vumbi lilimjaa mpaka kwenye nyusi.

"Nipeni maji ya kunywa kwanza," alisema. "Mbona mmesimama kama watu wa msibani?"

Mwanawetu alimweleza habari yote bila kuficha kitu. Shakila alikunywa maji taratibu, akaweka kikombe chini.

"Bibi Mwantumu alimning'iniza kila kifaranga mara ngapi?" aliuliza.

"Mara moja," alisema Mwanawetu.

"Mama Emmanuel, nikamatie kifaranga mmoja. Yeyote."

Serafina alimletea mwenye rangi ya majivu. Shakila alimshika miguu, akamning'iniza taratibu. Kifaranga akalegea.

"Huyu ni nini?"

"Tetea," alisema Mwanawetu.

Shakila alimweka kiganjani, akamwacha apumzike, kisha akamning'iniza tena. Safari hii kifaranga aliinua kichwa na kupiga mabawa.

"Na sasa?"

Serafina alisogea karibu. Shakila akarudia mara ya tatu. Kifaranga aliinua kichwa kidogo, kisha akakilegeza.

"Tusimtese zaidi," alisema Shakila, akamrudisha kwa mama yake. "Mmeona wenyewe. Kifaranga ni yuleyule. Akiogopa, anajitahidi. Akichoka, analegea. Haioneshi jike wala dume. Bibi hakumwibia mtu. Alifanya kama alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake."

"Basi mara nyingine tuangalie mayai kabla kuku hajaatamia," alisema Mwanawetu. "Nasikia yai lililochongoka linatoa jogoo, na la mviringo linatoa tetea."

"Hata hilo si kweli. Kuku mmoja akitaga mayai ya kuchongoka, hutaga hayohayo siku zote. Je, watoto wake wote ni majogoo?"

"Hapana," alikubali Mwanawetu.

"Kwa hiyo tufanyeje?" aliuliza Serafina. Lilikuwa swali lake la kwanza siku ile.

"Mngoje," alisema Shakila. "Wapo wataalamu wanaoweza kumtambua kifaranga wa siku moja kwa kumchungulia sehemu ya haja. Hiyo ni kazi ya kusomea, na mtu asiyejua humuumiza kifaranga. Kwa hawa kuku wetu wa kienyeji, ngojeni. Wakifika wiki ya sita, anzeni kuwatazama. Wakifika miezi mitatu, mtawajua karibu wote."

"Tutatazama nini?"

Shakila alichutama. Uani alikuwapo jogoo wa jirani aliyezoea kuja kuokota pumba. Alimwonesha.

"Tazama upanga wa kichwani. Kwa dume hukua mapema, na huwa mwekundu. Kwa jike hubaki mdogo na uliopauka, mpaka akaribie kutaga. Tazama na ndevu, hizi nyama zinazoning'inia chini ya mdomo. Za dume hutangulia kukua. Kisha tazama miguu. Ya dume ni minene na mirefu zaidi."

"Lakini kuna matetea wenye upanga mkubwa," alisema Eusebio kutoka barazani.

"Kweli kabisa, baba. Ndiyo maana usitegemee alama moja. Unganisha alama zote. Na alama nzuri kuliko zote ni manyoya ya shingoni, na ya kiunoni karibu na mkia. Kwa dume huwa membamba, yenye ncha kali, na yanang'aa. Kwa jike ncha zake ni za mviringo. Hayo huonekana vizuri karibu na mwezi wa tatu. Atakayebaki na shaka, mngojeni mpaka awike."

"Miezi mitatu ni mingi," alisema Serafina. "Nitawalea wote peke yangu tena?"

Shakila alimtazama Mwanawetu. Mwanawetu akatazama chini, kisha akasema, "Nitaleta pumba mimi. Na siku ambazo uko shambani, nitakuja kuwanywesha maji."

Serafina alishusha pumzi. "Haya," alisema.

Shakila alitoa kichupa cha dawa kutoka kwenye chombo chake chenye ubaridi. Alidondosha tone moja katika jicho la kila kuku, mkubwa kwa mdogo. Kisha akapanda baiskeli yake na kwenda nyumba iliyofuata.

Kazi haikupungua. Baada ya palizi ya mahindi ilikuja ya ufuta. Eusebio alisuka tenga pana, na vifaranga wakawekwa humo mchana ili mwewe wasiwafikie. Hata hivyo, mmoja alichukuliwa siku tenga lilipoachwa wazi. Wakabaki wanane. Mwanawetu alitimiza ahadi yake. Alileta pumba, akaleta maji, mara nyingine akamkuta Eusebio tu nyumbani.

Wiki ya sita Serafina alianza kuwatazama. Mwanzoni hakuona tofauti. Wiki ya nane aliona panga nyekundu kwa wawili. Akawafunga uzi mweusi mguuni, bila kukaza. Kila wiki aliulegeza uzi, maana miguu ilikuwa ikinenepa. Wiki ya kumi alimfunga uzi kuku wa tatu. Mwezi wa tatu ulipotimia, alipekua manyoya ya kila mmoja kwa vidole. Watatu wale walikuwa na manyoya yenye ncha kali, yanayong'aa. Ya wale watano wengine yalikuwa na ncha za mviringo.

Siku ya kugawana Mwanawetu alikuja na Bibi Mwantumu. Bibi aliwakagua mmoja mmoja, muda mrefu. Mwisho akasema, "Miaka yote nimewasumbua vifaranga bure." Akakaa mkekani.

"Wanane," alisema Serafina. "Wanne wako, wanne wangu. Matetea ni watano. Tufanyeje na wa tano?"

"Wewe chukua watatu na jogoo mmoja," alisema Mwanawetu. "Mimi nichukue wawili na majogoo wawili."

"Si nusu kwa nusu."

"Mwaka jana pia haikuwa nusu kwa nusu. Hatukujua, wala wewe wala mimi. Sasa tunajua."

Serafina aliwasogeza matetea watatu upande wake. "Nilikufikiria vibaya," alisema.

"Ulikuwa umechoka," alisema Mwanawetu. "Na mimi nilipaswa kuuliza mapema."

Shakila alikuwa amewaonya jambo moja zaidi. Jogoo asibaki na matetea ambao ni ndugu zake, kwa sababu watoto wao huwa dhaifu. Tena jogoo mmoja anatosha matetea kumi. Kaka yake Mwanawetu aliishi Mbekenyera, ng'ambo ya Ruangwa. Alipokuja kusalimia, alileta jogoo mwekundu na kuondoka na yule wa Serafina.

Mwezi wa nane, baada ya mavuno, Serafina alikuwa akipepeta ufuta uani. Mmoja wa matetea alitoka bandani akilia kwa sauti ya kukatakata. Serafina aliacha ungo, akainama mlangoni mwa banda. Ndani ya nyasi kulikuwa na yai dogo. Alilishika. Lilikuwa bado na joto.

Kabla mwezi haujaisha, matetea wote watatu walikuwa wakitaga. Mayai mengine Serafina aliyaacha wayaatamie. Mengine aliyapika, na Eusebio na watoto wakala.

Lakini lile yai la kwanza alilipeleka siku ileile uani kwa Mwanawetu. Hakubisha hodi mwanzoni mwa uwanja. Aliingia mpaka jikoni, akamwonesha. Mwanawetu aliligeuza mkononi, akatabasamu, akamrudishia.

"Keti kwanza," alisema. "Chai iko motoni."

Ufuta ulikuwa ukimngojea nyumbani, na kuni bado hazijakatwa. Serafina alivuta kigoda, akakaa.