Aliyelala Kitanda cha Mama

Jambo lenyewe lilianza na godoro. Asubuhi moja ya mwezi wa tano, theluji ya mwisho ikiwa bado imejibanza kivulini nyuma ya sauna, kibanda cha kuogea mvuke, Hilkka aliingia kwenye gari-nyumba lao na sufuria mbili mkononi, akakuta godoro la kitanda cha nyuma limebonyea katikati kama mtu aliyeketi ndiyo kwanza ameinuka. Akalipapasa. Lilikuwa na joto. Na mle ndani, ambamo siku zote mlinuka plastiki na sabuni ya mazulia, kulikuwa na harufu ya kafuri.

Kafuri ilikuwa harufu ya mama yake. Bi Elma alijipaka magotini na mgongoni, akaipeleka harufu hiyo kila alikokwenda. Lakini kwenye gari hili hakuwa amekwenda. Alikuwa nyumba ya wazee, ng'ambo ya mji wa Oulu, na hata hakujua kwamba gari bado lipo uani, zima, limejazwa dizeli.

Hilkka alisimama na sufuria zake, uso ukampata moto. Kilichomjia kwanza hakikuwa hofu. Ilikuwa aibu.

Gari lile walilinunua Tuure, mumewe, alipostaafu kazi ya kutengeneza lifti, na tangu siku ya kwanza safari ilikuwa ya Bi Elma. Alizaliwa kaskazini kabisa, kando ya ziwa Kuosna, kupita miji yote. Mwaka ule wa vita watu wa kule walipohamishwa na nyumba zao kuchomwa moto, aliondoka akiwa mtoto wa kushikwa mkono, na hakurudi tena. Hilkka ndiye aliyemtangazia wakati wa Krismasi, mbele ya wazee wenzake: kiangazi hiki tunakupeleka kwenu. Bi Elma akajigamba mpaka wenzake wakamchoka. Tuure naye akafunga mkono wa chuma ukutani, karibu na kitanda cha nyuma, ili mkwewe apate pa kujishikilia. Wakakiita kitanda cha mama.

Kisha mwezi wa tatu Bi Elma alikuja kulala kwao siku mbili, akalowesha kochi. Hakusema. Alilifunika kwa shali yake, akakaa juu yake mpaka jioni. Tuure hakugomba, alichukua tu brashi na kulisugua kochi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Siku chache baadaye, ramani ikiwa imetandazwa mezani, alisema kwa upole kwamba kule mbele barabara ni changarawe tupu, simu haishiki, hospitali ni mbali, na tangi la maji la gari ni dogo. Hakusema tumwache. Alilitua neno mezani, akangoja mkewe aliokote.

Hilkka aliliokota. Na kilichokuja kumchoma baadaye ni kwamba moyo wake ulifurahi.

Akaenda kumwambia mama yake kuwa gari limekufa gia, fundi ameshindwa, hakuna safari mwaka huu. Bi Elma alitazama dirishani kidogo, kisha akamshika mwanawe mkono, akamwambia, "Pole, mwanangu. Na wewe ulivyokuwa umeitamani."

Sasa godoro lilikuwa na joto. Tuure alipoitwa alisema ni paka wa jirani, akaligeuza upande wa pili.

Jumapili walikaa ndani ya gari kupanga vituo vya njiani. Ilikuwa jioni, na jua lilikuwa bado limesimama juu ya misonobari kama vile halina haraka na mtu. Tuure alikuwa akipitisha kidole kwenye ramani, hapa tutajaza maji, hapa tutavua samaki, ndipo ngazi ya mlangoni ikalia. Gari likainama upande mmoja, polepole, jinsi linavyoinama mtu mzito na mzee anapojivuta kupanda. Mlango ulikuwa umefungwa na haukufunguka. Fimbo ikagonga sakafu: tok. Kimya. Tok. Ikapita kando ya meza yao, karibu kiasi kwamba pembe ya ramani iliinuka na kushuka, ikaenda nyuma, na kitanda cha nyuma kikatoa pumzi chini ya uzito.

Halafu wakasikia mtu akihema, kama ahemavyo aliyechoka na amefika.

Tuure alikuwa ameshika kalamu, haandiki. "Umesikia?" akanong'ona.

"Nimesikia."

Watu wa nchi ile wana jambo wanalolijua tangu kwa bibi zao: mtu akiwa njiani kuja, pengine sauti yake humtangulia, nao huiita mtangulizi. Utasikia hatua zake, mlango wake, kukohoa kwake, ukitoka humwoni, na baada ya muda ndiyo anafika mwenyewe. Si jambo la kutisha. Humwekea tu kahawa. Hilkka akadhani mama yake ametoroka na yumo njiani kuja kuwaumbua. Akapiga simu nyumba ya wazee, na muuguzi akamjibu kwamba Bi Elma yupo mezani anakula uji, je, ampe salamu? Hilkka akasema hapana, asimsumbue.

Tangu hapo mtangulizi alikuwa akija, lakini mwenyewe hakuja. Ngazi ililia asubuhi wakinywa kahawa, ikalia mchana Tuure akifyeka nyasi. Na harufu ilikuwa ikibadilika. Juu ilikuwa kafuri bado, lakini chini ya kafuri kulikuwa na kitu kingine, harufu ya maji yaliyolala kinamasini na majani yaliyooza humo, na kila siku ile ya chini ilikuwa ikipanda.

Walikuwa hawazungumzi sana siku zile. Kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema jina la Bi Elma.

Hatimaye Hilkka alikwenda peke yake. Aliona haya kumwogopa mama yake mzazi. Pazia la kitanda cha nyuma lilikuwa limevutwa, na yeye hakulifunua. Akasimama karibu na jiko.

"Mama?" akaita.

"Tunaondoka lini?" sauti ikauliza nyuma ya pazia. Ilikuwa sauti ya Bi Elma, na mkwaruzo wake uleule.

Hilkka angeweza kusema kweli wakati ule. Akasema, "Karibuni, mama. Gari likipona."

Kisha ile sauti ikacheka, na Bi Elma hakuwa mtu wa kucheka hivyo, kwa kuvuta pumzi ndani badala ya kuitoa, na huku ikicheka ikawa inasema gari limekufa gia, gari limekufa gia, pole mwanangu, na ulivyokuwa umeitamani, na Hilkka akitaka kurudi nyuma akaona chini ya pazia maji meusi yakichuruzika kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe, na ndani ya maji yale miguu miwili, mipana, ya rangi ya gome lililokaa matopeni, haina kucha, na juu kwenye ukingo wa pazia vidole vikajikunja kimoja baada ya kimoja, taratibu, kama mtu anayejiandaa kufunua na hana wasiwasi, kwa kuwa kitanda ni chake, amepewa, na hakuna wa kumwambia atoke.

Hakujua alitokaje. Tuure alimkuta amekaa kwenye rundo la kuni nyuma ya sauna, ameficha uso magotini.

Siku hiyohiyo Tuure alitaka kuliondoa gari pale uani, alipeleke mbali akaliuze. Alipowasha, injini ilinguruma vizuri, lakini gia haikuingia hata moja. Fundi akaletwa, akalifungua, akalifunga, akasema gia ni nzima na haelewi. Akaondoka akijikuna kichwa. Mume na mke wakabaki wametazama chini. Uongo waliompelekea mwanamke mzee ulikuwa umekuja kukaa uani kwao.

"Kamchukue," Tuure akasema.

Hilkka alikwenda. Na njia nzima alijua kwamba hamchukui mama yake kwa kumpenda. Anamchukua kama mtu anavyokimbilia duka la dawa.

Bi Elma hakuuliza kitu. Alivaa koti lake jekundu, akaingia kwenye gari dogo. Walipofika uani alisimama na fimbo yake mbele ya gari-nyumba, akainua pua kama mbwa wa mwindaji.

"Mmempa nani kitanda changu?" akauliza.

"Tulidhani ni wewe, mama," Hilkka akasema. "Tulidhani ni mtangulizi wako."

"Mimi nikitaka kuja kugomba na watu nakuja na miguu yangu." Alisogea, akaigusa ngazi kwa ncha ya fimbo, na mle ndani kitu kikajigeuza kitandani. Tuure alirudi nyuma. Bi Elma hakurudi. Akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mambo ya jikoni, kwamba kule kwao kila mtoto aliambiwa: usimtandikie mtu kitanda kwa jina lake kisha ukamnyima. Kitanda kilichoitwa jina hakikai kitupu. Wako wasio na pa kulala, hawajawahi kuwa na pa kulala tangu dunia iumbwe, nao husikiliza.

"Atatokaje?" Tuure akauliza.

"Aliingia kwa mlango gani?" Bi Elma akamgeukia binti yake. "Uliniambia gari limekufa. Lilikuwa limekufa?"

Mle ndani pakawa kimya kabisa, kimya cha mtu anayetega sikio.

"Lilikuwa zima," Hilkka akasema.

"Sema vizuri. Yeye asikie."

"Lilikuwa zima, mama. Tuliona haya kukubeba. Nililiona lile kochi. Tulitaka kwenda bila wewe. Na nilipokwisha kuamua, nilifurahi."

Hakuna aliyemsaidia. Bi Elma alisimama tu, shavu lake moja likicheza, na Tuure alifungua mdomo kusema kwamba lilikuwa wazo lake, lakini mkwewe akamwinulia kiganja. Kisha akaipiga ngazi kwa fimbo mara moja.

"Umesikia," akaliambia gari. "Nafasi ni yangu, na hili ndilo jina langu: Elma, wa Kuosna. Toka."

Gari likainama. Uzito ukatoka nyuma ukaja mlangoni, bila fimbo sasa, bila kuhema, ukishuka kwa vishindo vya kitu kikubwa kuliko ajuza yeyote. Ngazi ikapiga yowe. Kitu baridi kikawapita, na Hilkka akasikia karibu na sikio lake kile kicheko cha kuvuta ndani. Nyasi zikalala chini, alama moja baada ya nyingine, zimejaa maji meusi, mpaka kwenye miti ya mibetula mwisho wa kiwanja, na ndege waliokuwa wakilia humo wakanyamaza wote.

Gia iliingia mara ya kwanza. Godoro walilichoma moto, wakanunua jingine.

Wakasafiri wote watatu. Bi Elma alikaa mbele karibu na dereva, na Hilkka nyuma. Bi Elma hakumnunia Tuure. Alimcheka anavyoshika usukani kama mshumaa, akammenyea mayai. Lakini na binti yake hakuzungumza ila kwa lililokuwa lazima. Na kila waliposimama, kwenye vituo vya mafuta na kwenye mikahawa ya maandazi ya iliki, mtu akimuuliza bibi anakwenda wapi na wale ni nani wake, alijibu kwa adabu kubwa, "Siwajui sana. Ni watu wa mjini, wamenipa lifti."

Wageni walicheka wakidhani ni utani. Hilkka aliinamia kikombe chake. Usiku alimbadilisha mama yake nepi, akamfuta, na Bi Elma akatazama dari na kusema asante, kama unavyomwambia mhudumu.

Wakapita mji wa mwisho, wakapita mahali lami inapoisha. Misonobari ikawa mifupi, kisha ikawa vijiti. Paa wa theluji walisimama barabarani na pembe zao laini, wakakataa kupisha. Jua halikuzama tena. Lilizunguka tu pembeni mwa dunia kama linatafuta kitu.

Ziwani hakukuwa na nyumba. Palikuwa na mawe ya msingi ndani ya majani, na mbu. Bi Elma hakulia. Aliyazunguka yale mawe, akaonyesha kwa fimbo mlango ulipokuwa na jiko lilipokuwa, kisha akaomba ashikwe, apige magoti. Hilkka ndiye aliyekuwa karibu. Akamshika.

Kule mtu halali mahali pa porini kabla hajawaomba ruhusa wenyewe wa chini, wale wasioonekana wanaoishi ardhini. Bi Elma aliipapasa ardhi mara tatu kwa kiganja. Upepo ulikuwa umetulia, na ng'ambo ya ziwa, kwenye kinamasi, kitu kilikuwa kikitembea majini bila haraka. Tuure aliacha kushusha viti. Hilkka aliisikia ile harufu ya majani yaliyooza ikija juu ya maji, akamkumbatia mama yake kwa nguvu zaidi, na Bi Elma akaisikia pia, maana alinyanyua kichwa akatazama kule kwa muda kabla ya kuzungumza.

"Mimi ni Elma, nimerudi," akasema, si kwa sauti kubwa. "Tunaomba kulala. Yule anaendesha gari, hana neno." Akatafuta mkono uliokuwa begani kwake, akaushika. "Na huyu ni mwanangu. Ana ila zake. Msimchukue."