Paska na Kitufe cha Redio

Kila asubuhi kabla ya shule, Paska alimpelekea baba yake chai kwenye chumba cha redio. Baba huyo, Mzee Marino, ndiye aliyeitunza redio ya zahanati ya misheni, Koboko. Tangu vita hapakuwa na simu, kwa hiyo zahanati zote zilizungumza na hospitali ya Arua kwa njia moja tu ya hewani. Marino alisikiliza kwanza. Pakiwa kimya, aliuliza, "Njia iko wazi?" akangoja.

"Baba, unapoteza muda bure!" Paska alimtania.

"Ukibonyeza kitufe, husikii mtu. Wawili wakibonyeza pamoja, hasikiki hata mmoja."

Wiki hiyo Nyanya Filda, aliyemlea Paska tangu utotoni, alikuwa amelazwa Arua. Asubuhi moja Marino alitoka kupakia wagonjwa kwenye gari la kwenda huko. Paska akaona nafasi ndiyo hii. Hakusikiliza. Alibonyeza kitufe, akaanza salamu kama mtoto mwenye adabu.

"Jambo, sista. Habari ya Arua? Habari ya kazi? Habari ya nyumbani? Watu iko salama? Nyanya ameamkaje?"

Alipoachia kitufe, gari lilikuwa limeshaondoka. Redio ikakoroma: "Koboko! Nimewaita mpaka nimechoka! Mpakieni Paska kwenye gari. Nyanya yake anamtaka, hali ni mbaya!"

Marino alikuwa akiingia. Alisikia, akageuka mbio hadi barabarani akipunga mikono. Wapi! Lilibaki vumbi tu.

Walipata lori la tumbaku mchana. Walipofika Arua jioni, kitanda cha nyanya kilikuwa kimetandikwa upya.

"Alikutaja mpaka mwisho," muuguzi alisema kwa upole. Maskini Paska! Alilia mpaka sauti ikamkauka.

Baada ya matanga, Marino alimkalisha mbele ya redio. Paska alisikiliza. Kwa mbali, mkunga wa zahanati nyingine alikuwa akiomba gari la mama mjamzito. Paska hakugusa kitu mpaka mkunga akajibiwa.

"Baba, siku ile nyanya aliambiwa kuwa namsalimia?"

"Hapana, mwanangu, sitakudanganya. Salamu zako hazikufika. Ulimpenda sana, najua. Lakini kabla hujasema, hakikisha hakuna mwingine anayesema, hata ukiwa na haraka. Wewe ulikuwa unamwita, na yeye alikuwa anakuita."