Haan Isiyofukizwa

Habibo alizoea kuchota maji alfajiri, kabla foleni haijawa ndefu. Ilikuwa mwaka 1967, na vita vya shifta, waasi wa kaskazini mashariki, vilikuwa havijaisha. Yeye, mumewe Guleid na binti yao Shamis waliishi karibu na Garissa, katika kijiji chenye uzio wa miiba. Askari walilinda lango. Mfereji wa maji ulikuwa mmoja tu.

Siku moja hakuna aliyechota. Juu ya mfereji palikuwa na mgunga mrefu. Kwenye tawi lake, futi ishirini kutoka ardhini, lilining'inia kundi la nyuki, kubwa kuliko kichwa cha ngamia. Lilikuwa limekuja jana yake mchana. Mtu mmoja alilirushia jiwe, na watu wanane wakaumwa. Tangu hapo mbuzi hawakunywa maji. Kufikia saa tisa alasiri, mbuzi wawili wa Habibo walishindwa kusimama.

Guleid alifunga majani makavu kwenye ncha ya fito.

"Nawasha, napanda, nachoma. Basi."

"Mzee Guleid, weka chini hiyo," alisema Musyoka, fundi wa pampu. Alitoka Kitui, na baba yake alifuga nyuki. "Moto juu ya mti, wakati huu? Askari watadhani unampa mtu ishara."

"Wewe fundi utafanya nini? Utawaimbia?"

"Nitawahamisha. Wameshiba asali na hawana nyumba ya kulinda. Sasa ni wapole, ila tusiwachokoze. Moshi humsaidia mrina asali kwenye mzinga. Hawa hawana mzinga. Ukiwafukiza wataruka, na watatua usikokujua."

Musyoka alikwenda kwanza langoni, akawaeleza askari. Wakamwambia amalize kabla ya filimbi ya kafyu, saa kumi na mbili. Aliondoa watoto na mifugo hadi umbali wa hatua mia moja. Alivaa nguo nene, akaingiza suruali ndani ya soksi, akajifunika uso kwa chandarua. Habibo na Guleid walijifunga shuka kichwani, wakaacha macho tu.

"Sasa nataka chombo chepesi, chenye mdomo mpana."

Habibo alileta haan, chombo chake cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi. Musyoka aliifunga kwenye fito. Aliegemeza ngazi mtini, akapanda, akajifunga kwa kamba kiunoni na shinani ili asianguke. Guleid na Habibo walishika ngazi.

"Msiiachie, hata mkiumwa," alisema.

Alipenyeza haan chini ya kundi polepole. Mdomo wake ulipogusa nyuki, walivuma kwa sauti kali. Hawakuingia. Walitawanyika hewani.

Musyoka hakusogea. Nyuki mmoja alitua kwenye kope la Habibo.

"Mpige!" Guleid alinong'ona.

"Usimpige!" Musyoka alisema kutoka juu. "Ukimponda mmoja, harufu yake inaita wengine. Fumba macho, Mama Shamis."

Habibo alifumba. Miguu midogo ilitembea hadi kwenye nyusi. Mikono yake ilibaki kwenye ngazi. Kisha nyuki akaruka.

Kundi lilirudi kwenye tawi. Musyoka alishuka, akanusa haan.

"Imefukizwa moshi hii?"

"Wallahi, swali gani hilo? Nani anaweka maziwa kwenye haan isiyofukizwa?"

"Ndiyo sababu. Kwako ni usafi. Kwa nyuki ni moto."

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Nyumbani Habibo alikuwa na haan moja mpya, ambayo ilikuwa haijafukizwa. Aliisuka miezi mitatu kwa ajili ya harusi ya Shamis.

"Ile? Haan ya harusi?" Guleid aliuliza.

"Mbuzi wakifa, harusi itakuwa na maziwa ya nani?"

Akaileta. Musyoka aliipaka nta kidogo ndani ili harufu yake iwavute nyuki, akapanda tena. Alilinyunyizia maji kundi hilo, kwani nyuki waliolowa hawaruki haraka. Akaweka mdomo wa haan chini yao, akagonga tawi mara moja kwa nguvu. Kundi lote likaanguka ndani.

Aliishusha, akaibeba taratibu hadi pembeni mwa uzio. Akaipindua juu ya shuka, mdomo chini, akaweka kijiwe chini ya ukingo. Nyuki waliobaki walianza kuingia.

"Malkia yumo," alisema. "Wataingia wenyewe. Tutawahamishia mzingani kesho kabla jua halijawaka. Na anayeumwa leo akwangue mwiba upesi. Akivimba uso au akipumua kwa shida, hospitali mara moja."

Filimbi ilipolia, mbuzi wa mwisho alikuwa ameshakunywa. Wale wawili walisimama asubuhi.

Shamis alipoolewa alikwenda na haan yake, ikiwa imefukizwa vizuri. Habibo alisuka nyingine, akaitundika mbali na moto.

Mwaka uliofuata kundi jingine lilitua kwenye mgunga uleule. Guleid hakutafuta majani makavu. Aliondoa mbuzi, kisha akaja mbio mlangoni.

"Mama Shamis! Ile haan isiyonuka iko wapi?"