Vigae Ishirini na Kimoja

Kila Jumamosi Kidole humsaidia baba yake, fundi wa vigae. Kazi yake ni kufuta migongo ya vigae kwa kitambaa chenye maji. Hufuta vumbi, na hufuta pia chaki ya namba zinazoandikwa dukani. "Kigae kichafu leo kipo, kesho kimebanduka," baba husema. Jina la Kidole alipewa na kaka yake, maana hawezi kupita penye kitu bila kukigusa.

Jumamosi hii hapakuwa na kazi. Shule zilikuwa zimefungwa mpaka Jumanne, basi familia ikaenda kuuona mji mkongwe wa pwani. Walizunguka vichochoro, wakapanda ngome. Mama alipiga picha mpaka simu ikazima. Baba yeye alitazama chini tu.

"Mume wangu, bahari iko huku," mama akamtania.

"Bahari haihami. Hebu oneni sakafu hii!"

Walikuwa wamefika kwenye nyumba ya kale, ambayo sasa ni makumbusho. Ukumbini, mama fundi mmoja mwenye miwani alikuwa amebandua vigae vya maua na kuvilaza kifudifudi, mistari kwa mistari.

"Chini kunavuja," alieleza. "Wachukuzi wakija, vinaingia masandukuni mpaka tutakapomaliza kuziba. Kila kimoja kina mahali pake. Ukikosea kimoja, ua zima limeharibika."

Alipojua baba ni fundi mwenzake, akampandisha ghorofani pamoja na mama wakaone sakafu ya huko. Watoto wakabaki.

Kidole akaona chaki kwenye migongo ya vigae. Akaona ndoo na kitambaa. "Masikini, hawana wa kuwafutia," akasema, akaanza kazi. Alifuta kigae, akakirudisha palepale, akachukua kingine. Alimaliza mstari wa kwanza, akafika katikati ya wa pili.

Kaka yake, aliyekuwa dirishani, akageuka. "We Kidole! Hizo ndizo namba za mahali pake!"

Kitambaa kikamdondoka. Nje, magurudumu ya mikokoteni yalikuwa yakigonga mawe.

"Nyamaza tu," kaka akanong'ona. "Hakuna aliyekuona. Jumatatu tuko zetu kwetu."

Kidole akaitazama ile migongo isiyo na namba. Vikishaingia masandukuni, nani atajua kipi ni kipi? Akapanda ngazi mbilimbili.

"Mama fundi, shikamoo."

"Marahaba. Si umeshaniamkia, mwanangu?"

"Nimefuta namba. Vigae ishirini na kimoja. Ni mimi, peke yangu."

Baba akashika kichwa. Mama fundi alishuka mbio, akawakuta wachukuzi wameshainama. "Simameni! Mtu asiguse kitu!" Kisha akamgeukia Kidole. "Ulivihamisha?"

"Hapana. Kila kimoja nilikirudisha palepale."

Mama fundi akakitazama kigae kilichofuata. Kilikuwa na namba ishirini na mbili. Akashusha pumzi, akampa Kidole chaki. "Haya, andika. Anza na moja."

Kidole akaandika huku jasho likimtoka. Baba aligeuza kila kigae, akahakikisha ua linakutana na la jirani yake. Saa nzima ikapita. Safari ya mashua waliyoipanga ikawapita pia, na kaka akaguna.

"Usigune," baba akamwambia. "Mwenzako amelipa kosa lake."

Mama fundi akavua miwani. "Mwanangu, kazi ya mtu haiguswi bila kuuliza, hata kama unaijua. Ufundi wa kwenu si ufundi wa kwangu. Hapo umekosa, ndiyo maana umeandika mwenyewe. Lakini umesema wakati vigae bado viko chini. Ungengoja vibebwe, ukweli wako ungekuwa wa kujutia tu. Kosa lisemwe mapema, lingali na dawa."

"Nimesikia, mama."

"Haya jamani, bebeni!"

Wachukuzi wakaanza kupakia. Kaka, aliyekuwa akitazama viatu vyake muda wote, akamwendea mama fundi.

"Samahani," akasema polepole. "Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Naomba niwasaidie kubeba."

Mama fundi akamwonyesha sanduku la kwanza.